Mwenye shughuli ndiye aliyekuwa anatoka jasho

Jumamosi usiku, mechi imeisha hata robo saa haijapita, binamu yangu mmoja akatupia kwenye grupu la ukoo picha ya ule uwanja wa Roma, Colosseum, imeandikwa kwa herufi nyekundu: WARUMI WALIPEWA MKATE NA MICHEZO WAKASAHAU SHIDA ZAO, NA NYIE ENDELEENI KUSHANGILIA. Chini emoji za kondoo, watatu. Mjomba akajibu "umenena". Mwingine akaweka ile mikono ya kuomba. Mi nimekaa na chai yangu imeshapoa najiuliza, huyu si ndo yule aliyekuwa anahangaika humuhumu saa moja jioni, "wadau mwenye linki isiyokwama anitupie"?

Sikujibu. Yaani niliandika nikafuta, ilikuwa ndefu na humo kuna wazee. Ndo naimalizia huku.

Mimi si mwalimu wa historia, ni mtu tu aliyependa mambo ya Roma tangu sekondari na hajapona mpaka leo. Na huu msemo wa mkate na michezo unanikera kuliko hata zile filamu ambazo kila gladieta, yule mtu wa kupigana kwa silaha mbele ya watazamaji, akiingia uwanjani anamwambia Kaisari "wanaokwenda kufa wanakusalimu". (Hayo maneno kwenye maandishi ya kale yanatajwa kwenye tukio moja tu, mwaka 52 BK, ziwa Fucino, na waliosema ni wahalifu waliopangwa kupigana kwenye majahazi, si magladieta. Kaisari wa wakati huo, Claudius, akajibu "au la", jamaa wakachukulia kwamba wameshasamehewa, wakagoma kupigana. Kaisari mzima ikabidi ashuke akawabembeleze na kuwatisha. Hiyo filamu ningeilipia.)

Sasa huyo aliyeutunga msemo ni Juvenal, mshairi, bingwa wa kejeli. Ukisoma sentensi nzima, siyo kile kimkia wanachokikata wakabandika kwenye picha, anasema hivi, kwa maneno yangu: tangu kura zetu zikose mnunuzi, watu hawa ambao zamani walikuwa wanagawa vyeo na majeshi, sasa wanahangaikia vitu viwili, mkate na mashindano ya farasi. Ndiyo, farasi. Gladieta hata hayumo. Alafu angalia mpangilio wake: kura ilitoka kwanza. Mwaka 14 BK, Kaisari Tiberius ndo kwanza anaanza utawala, uchaguzi wa viongozi ukaondolewa mikononi mwa wananchi ukapelekwa Seneti, baraza la wakubwa, watu wakanung'unika, basi. Juvenal anaandika karibu miaka mia moja baadaye. Kwa hiyo huwezi kuniambia uwanja uliwanyang'anya watu kura, kura ilishabebwa zamani, uwanja ndo ulibaki.

Na uwanja huo ulikuwa wa nini? Hapa ndo nataka nikae kidogo.

Mwanzo ilikuwa matanga. Mwaka 264 KK watoto wa marehemu Brutus Pera walipomzika baba yao waliweka jozi tatu za watu wapigane kwenye soko la ng'ombe pale Roma. Fikiria arobaini ambayo sinia la pilau limeondolewa yakaletwa mapanga. Neno walilotumia ni munus, kitu ambacho ni wajibu na zawadi kwa mpigo, deni unalomlipa marehemu mbele za watu. Shika hilo neno deni. Kadiri miaka inavyokwenda marehemu akawa kisingizio. Mwaka 65 KK Julius Caesar, kijana mwenye madeni kila kona, akaleta jozi 320 kwa kumbukumbu ya baba yake aliyefariki miaka ishirini nyuma. Miaka ishirini! Matanga gani hayo? Na Seneti ilishaweka kikomo cha idadi kwa kuogopa angeleta zaidi. Miaka miwili mbele Cicero, mwanasiasa na wakili, akiwa konsuli, cheo cha juu kabisa pale Roma, akapitisha sheria kwamba mtu anayegombea cheo asitoe mapambano ya magladieta ndani ya miaka miwili kabla ya uchaguzi. Takrima, jamani. Wenzetu walikuwa na sheria ya takrima mwaka 63 KK.

Sasa swali langu kwa binamu: kama umati ni kondoo, unaulisha tu unanyamaza, kwa nini wakubwa wote hawa walikuwa wanahaha hivyo? Kondoo hatungiwi sheria ya takrima.

Cicero huyohuyo mwaka 56 KK alikuwa mahakamani anamtetea mtu anaitwa Sestius, na katikati ya utetezi akasema kwamba maoni na matakwa ya watu wa Roma yanajionyesha sehemu tatu: kwenye mikutano ya hadhara, kwenye kupiga kura, na kwenye mikusanyiko ya michezo na magladieta. Akaongeza kwamba mikutano na kura vinaweza kuchafuliwa, na hata makofi ya uwanjani yananunuliwa, ila ya kununuliwa yanajulikana tu, ni membamba, yanatokea hapa na pale, na ukigeuka unamwona kabisa anayeyapiga ni nani. Nani asiyeyajua makofi hayo?

Alafu akamtoa mfano Appius Claudius. Huyu bwana mwaka mmoja kabla alikuwa na cheo kikubwa, wa ukoo mkubwa mno, babu yao mmoja ndiye aliyejenga ile barabara maarufu ya Via Appia inayotoka Roma kwenda kusini. Watu walikuwa hawamtaki. Lakini magladieta alikuwa anawapenda, anakuja kila siku. Enzi hizo Roma ilikuwa haijapata uwanja wa mawe wa kazi hiyo, watu wanapigana palepale Forum, kiwanja cha katikati ya mji, watazamaji wanakaa kwenye majukwaa ya mbao. Kwa hiyo Appius akawa haonekani akiingia. Watu wanamtafuta wamzomee, hayupo. Ghafla kichwa hiki hapa kimechomoza, mheshimiwa ametambaa chini ya mbao ameibukia kwenye kiti chake, na kitambulisho cha ukoo wake wote kikaishia hapo kwa sababu watu wa Roma wakaipa hiyo njia ya panya jina: Via Appia.

Mi nikisoma hapo huwa nacheka peke yangu kama chizi. Barabara ya babu imetandikwa mawe mpaka leo unaitembelea, ya mjukuu ni chini ya benchi. Sasa niambie hapo nani kondoo. Anayetambaa ni nani?

Kuna barua nyingine zinazonifurahisha, za mwaka 51 na 50 KK. Caelius anataka uongozi Roma, itabidi aandae michezo, anamwandikia Cicero ambaye wakati huo ni gavana Kilikia, huko kusini mwa Uturuki ya leo: nitumie chui. Barua baada ya barua, chui, chui, chui. Anamwambia itakuwa aibu kwako wewe, fulani kampelekea mwenzangu chui kumi na wewe hujaniletea zaidi. Ni sauti ya mtu ambaye kadi za shughuli zimeshagawiwa na mpishi hajapatikana. Cicero, ambaye hataki kuwasumbua wananchi wa jimbo lake na mambo ya kuwinda, akamjibu kwamba wawindaji wanajitahidi ila chui wamekuwa wachache sana, na hao waliobaki wanalalamika kwamba jimbo zima ni wao tu wanaotegewa mitego, kwa hiyo wamepitisha uamuzi wa kuhamia Caria, nje ya jimbo lake.

Pompey naye, jenerali mkubwa wa enzi hizo, mwaka 55 KK, anafungua jengo lake jipya la maonyesho, akaweka siku tano za kuwinda wanyama na ya mwisho ikawa ya ndovu, kama ishirini hivi. Hesabu yake ni rahisi, ndovu ni mkubwa, mimi nitaonekana mkubwa. Wale ndovu wakajaribu kuvunja uzio wa chuma wakashindwa, wakaanza kulia na kuzungusha mikonga kama wanaomba, na umati, ule umati tunaoambiwa una kiu ya damu tu, ukasimama unalia na kumlaani Pompey. Cicero alikuwepo, anasema watu walipata hisia kwamba huyu mnyama ana undugu fulani na binadamu. Pesa yote ile, na laana juu.

Makaisari walipokuja walilijua hili. Augustus, Kaisari wa kwanza, mwenyewe aliandika kwenye orodha ya mambo aliyoyafanya kwamba alitoa mapambano ya magladieta mara nane, watu kama 10,000 wakapigana, na wanyama wa Afrika kama 3,500 wakauawa. Lakini zaidi ya kutoa, alikuwa anakaa anaangalia. Kwa sababu alikumbuka watu walivyomnunia Julius Caesar kwa kusoma barua zake na kujibu palepale kwenye michezo, kama bosi aliyealikwa harusini anashinda anachezea simu. Umekuja kwetu, tuangalie tunachoangalia. Maana pale ndipo Kaisari anaonekana kwa macho, anafikika kwa sauti, watu makumi elfu kwa pamoja na huwezi kujua aliyeanzisha kelele ni nani.

Tiberius aliipenda sanamu moja iliyokuwa mbele ya bafu za umma, akaihamishia chumbani kwake, akaweka nyingine pale. Watu wakapiga kelele kwenye ukumbi wa maonyesho: rudisha sanamu yetu! Akairudisha. Kaisari, mwenye majeshi kutoka Hispania mpaka Siria, amerudisha sanamu kwa sababu ya makelele. Kaisari Caligula yeye, mwanahistoria Josephus anasimulia, watu walimwomba kwenye mashindano ya farasi apunguze kodi, akakasirika, akaamuru wanaopiga kelele wakamatwe wauawe. Watu wakanyamaza. Tarehe 24 Januari mwaka 41 Caligula akauawa na walinzi wake akitoka kwenye maonyesho, na Josephus kisa hicho cha kodi anakiweka kabla tu ya kusimulia mauaji. Sisemi kodi ndo ilimuua. Nasema alivunja mkataba ambao kila mtu pale alijua upo.

Haya, shingo upande, nimpe binamu kidogo chake. Kuna mcheza ngoma wa jukwaani anaitwa Pylades, Augustus alimgombeza kwa ugomvi wake na mwenzake uliokuwa unagawa mashabiki, jamaa akamjibu usoni kwamba ni faida kwako Kaisari watu wakipoteza muda wao kwetu. Sawa. Alikuwa anajua biashara. Na mwaka 59 mashabiki wa Pompeii na wa Nuceria, mji wa jirani, walianza kutaniana kwenye mapambano ya magladieta, wakaenda mawe, wakamalizia na visu, watu wakafa, Seneti ikawafungia Pompeii miaka kumi. Kwa hiyo ndiyo, ujinga ulikuwepo. Na sauti ya kudai sanamu si kura, sibishi. Mtu aliyepewa nafasi ya kupiga kelele wala si yule aliyepewa nafasi ya kumtoa mtu madarakani.

Ila kuna kitu kwenye ile picha kinaniuma kuliko hayo yote na nimechukua siku mbili kukijua. Ni zile emoji. Kondoo watatu, wa watazamaji. Kila anayeutumia huu msemo anawahurumia au anawacheka waliokaa kwenye viti. Wa chini kwenye mchanga hana hata emoji.

Seneca, mwalimu wa Nero, alienda uwanjani siku moja mchana, anasema alitegemea vichekesho, kitu cha kupumzisha macho. Akakuta ndo saa ya kuua wahukumiwa, mmoja anamuua mwenzake hana ngao hana kofia, aliyeshinda analetewa wa kumuua yeye. Asubuhi, anasema, watu wanatupiwa simba na dubu, mchana wanatupiwa watazamaji. Hayo mazungumzo yote niliyoyasifia hapo juu, mkubwa na umati wanaulizana na kujibiana, meza yao ilikuwa miili ya watu. Mateka wa vita, watumwa, wahalifu, na wengine waliojiuza wenyewe kwa njaa na kula kiapo cha kukubali kuchomwa, kufungwa, kupigwa na kuuawa kwa chuma.

Kule Sicily limepatikana jiwe la kaburi la gladieta mmoja, jina lake la uwanjani Flamma, maana yake mwali wa moto. Msiria. Aliishi miaka 30, alipigana mara 34, alishinda 21, sare 9, akashindwa akasamehewa 4. Aliyemwekea jiwe ni Delicatus, mwenzake wa silaha. Basi, ndo maisha yote hayo. Ila hiyo 4 huwa siwezi kuipita. Mara nne huyu mtu alishindwa, yuko kwenye mchanga anahema, mwenzake amemsimamia na panga, na wote wawili wanasubiri mwenye shughuli ageuke asikilize watu wanataka nini. Mara nne wakasema mwache. Ya Flamma tunayajua kwa sababu Delicatus alikuwa na pesa ya jiwe, wa saa sita mchana hakuna aliyewaandikia kitu.

Basi nikajikuta sina hamu tena ya kumshinda binamu, lakini kuna sakafu moja lazima niwaambie, maana ndo iliyokuwa kichwani mwangu tangu Jumamosi.

Iko Tunisia. Imetoka sehemu inaitwa Smirat, sasa ipo makumbusho ya Sousse, sakafu ya vijiwe vya rangi ya karne ya 3, ilikuwa nyumbani kwa tajiri mmoja wa pale, Magerius. Inaonyesha chui wanne wanauawa na wawindaji, na chui wana majina kama watu: Victor, Crispinus, Luxurius, Romanus. Wawindaji nao majina yao yapo, ni wa kampuni ya Telegenii, jamaa wa kukodiwa kwa kazi hizo. Katikati amesimama kijana na sinia, juu yake mifuko minne ya pesa. Na pembeni, hapo sasa, yameandikwa maneno yaliyosemwa siku ile. Mtangazaji anaomba: mabwana, wapeni Telegenii dinari mia tano kwa kila chui. Hajamwomba Magerius kwa jina, ujue. Ameuachia umati. Na umati ukalipuka: waliokuja kabla yetu wasikie, watakaokuja baada yetu wajue, lini imewahi kusikika shughuli kama hii, na unatoa mfukoni mwako mwenyewe! Magerius anatoa! Huku ndiko kuwa nacho! Huku ndiko kuweza! Usiku umeingia, waage na mifuko yao!

Mifuko kwenye sinia ina alama ya elfu moja. Aliombwa mia tano akatoa elfu, mara nne. Ungefanyaje? Uwanja mzima unakuimba jina na jua limezama, umebaki wewe tu na mkono wako kwenye mkoba. Na alipofika nyumbani aliweka kwenye sakafu risiti. Kila mgeni akija kula lazima aikanyage.

Jumapili asubuhi sijaamka vizuri, shangazi, ambaye ndo mweka hazina wa kamati ya harusi, akabandika upya orodha kwenye grupu. Majina, ahadi, kilicholipwa. Namba tatu binamu: ahadi 300,000, ametoa 50,000. Chini shangazi ameandika tu "tuzidi kukumbushana wapendwa". Mjomba wa umenena akaweka emoji ya macho. Mwingine macho. Dada yangu akaandika "mzee wa mkate na michezo mkate wetu vipi". Wakaingia na wale ambao huwa hawaandikagi kitu, watu kumi na kitu, macho, macho, macho.

Ikapita kama nusu saa. Binamu akarusha skrinshoti ya muamala, laki tatu kamili, yaani kazidisha na elfu hamsini juu, na maneno "kazi iendelee". Grupu zima likamshangilia, na mimi nikapiga makofi.